Mkutano Umeridhia

Gari la matangazo lilipita mtaa wa Kwa Mkanga asubuhi, spika mbili zimefungwa juu yake kwa kamba za katani, likiwataka wananchi wasikose Jumamosi kwenye mkutano wa hadhara wa bajeti na huduma za jamii. Lilisema kutakuwa na ngoma, na mgeni kutoka manispaa, na maswali yatapokelewa. Halikusema ni huduma zipi. Magari ya namna ile huwa hayasemi.

Zubeda alilisikia akiwa kwenye benchi la zahanati, mwanawe Salma amelala mapajani kwake. Mtoto alikuwa ametulia. Usiku kucha alikuwa akilia miguu na mgongo, kilio kile cha watoto wa selimundu ambacho mzazi hakizoei hata akisikie mara mia. Nesi wa zamu, Sista Demetria, alimtundikia dripu na kumchoma sindano ya maumivu kabla Zubeda hajamaliza hata salamu. Hiyo ndiyo raha ya kuwa na zahanati jirani. Unambeba mtoto mgongoni, unavuka korongo, umefika.

"Utakwenda huo mkutano?" Demetria aliuliza huku akijifanya anapanga mabomba ya sindano.

"Mie na mikutano wapi na wapi, sista?"

"Nenda." Nesi alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Wanataka kufuta zamu ya usiku. Eti hela yake haimo kwenye bajeti mpya. Tutakuwa tunafungua asubuhi, saa kumi na mbili jioni tunafunga, kila mtu kwao."

Zubeda alimtazama mwanawe. "Na huyu akishikwa usiku?"

"Ndiyo maana nakwambia uende. Mie mtumishi, nikifungua mdomo wananihamisha. Nyie ndio wananchi. Ni lazima wawaulize kwanza, na mkikataa ni lazima waandike kwamba mmekataa. Usiniseme lakini."

"Nikuseme kwa nani?"

"Na jingine, Mama Salma. Miguu ikimuuma tunapambana nayo. Ila ikitokea kifua kikambana, usingoje hata kidogo. Kifua hakina subira."

Tangu hapo woga ulimwingia Zubeda. Alikwenda nao nyumbani, akapika nao, akalala nao. Hospitali ya wilaya ilikuwa mbali, na barabara yake ilikuwa ya vumbi na mashimo, ambayo malori ya mchanga yalishaimaliza. Alikuwa akifikiria barabara ile na kumfikiria mtoto, na mara mbili aliunguza maharage.

*

Mumewe, Mfaume, alikuwa mlinzi wa ofisi ya kata. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu mitatu, na kila ulipokaribia kwisha alikuwa akipiga saluti hata kwa madereva. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye kazi moja, na mtu mwenye kazi moja huishika kama yai.

"Utauliza nini hasa?" alimuuliza mkewe jioni ile.

"Nitauliza mtoto wangu akishikwa usiku nimpeleke wapi."

"Mbele za watu wote? Mbele ya Mtendaji?"

"Si ndiyo mkutano wa hadhara, Baba Salma?"

"Mdomo huponza kichwa. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Mgeni atauliza, yule mwanamke aliyetutia aibu ni nani? Ataambiwa, mke wa mlinzi. Halafu tule nini?"

"Kuuliza si ujinga."

"Si ujinga, lakini kuna watu wameuliza na sasa wanauza karanga."

Bi Mwajabu, mama yake Mfaume, alikuwa kwenye mkeka akichambua mchele.

"Mfaume, mwanangu," alisema, "unamwogopa Mtendaji kuliko unavyomwogopa Mungu?"

"Mungu hasaini mikataba, mama."

"Astaghfirullah! Kateme mate nje."

Mfaume alitoka, na labda alitema kweli. Zubeda alibaki na mkwewe, na wote wawili walimsikiliza Salma akikohoa chumbani. Kilikuwa kikohozi cha kawaida tu, cha vumbi, lakini walikisikiliza mpaka kilipokwisha.

*

Ijumaa, Mtendaji wa kata, Bwana Mashaka, alimwita Zubeda mwenyewe. Inafaa ijulikane kwamba kwa vigelegele Zubeda hakuwa na mpinzani tangu Chanika mpaka kufika Kisarawe. Kwenye harusi za huko, bibi harusi hakutolewa ndani mpaka Zubeda afike. Yeye akianza, wanawake wengine wanafuata bila kuambiwa, na wanaume wanajikuta wanapiga makofi.

"Mama Salma, kikundi chenu cha kina mama kitupokelee mgeni," Bwana Mashaka alisema. "Vaeni vile vitenge vyenu vya kijani. Na wewe ndiye ninayekutegemea."

Zubeda alipomwambia Anjelina, jirani yake, yule alipiga kofi kwa furaha. Anjelina alikuwa Mmakonde wa Masasi, mjamzito wa miezi ya mwisho, na zamu ya usiku ilimhusu yeye pia.

"Umepata, dada! Kikundi si huwa kinakaaga mbele? Kipaza sauti kitapita hapo hapo. Wakimaliza maneno yao, unanyoosha mkono."

"Naogopa, Anjelina."

"Na mie naogopa. Nitakushika kitenge kwa nyuma usianguke."

Nyumbani, Mfaume alifurahi kusikia kwamba mkewe amealikwa na Mtendaji. "Heri hivyo," alisema. "Ukapige vigelegele, urudi salama."

*

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule ya msingi. Wageni waliwekewa turubai, viti vyenye vitambaa vyeupe na chupa za maji. Wananchi waliwekewa jua. Kikundi cha kina mama kilipewa mkeka mbele kabisa, ngoma pembeni yao, na Zubeda alikaa katikati. Mikono yake ilikuwa ya baridi kama ya mtu mwenye homa. Alikuwa akilirudia swali lake moyoni kama anayeogopa kusahau aya katikati ya swala: mwanangu akishikwa usiku nimpeleke wapi, mwanangu akishikwa usiku nimpeleke wapi. Mfaume alikuwa amesimama kando ya gari la mgeni, kwenye sare yake, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi.

Mshereheshaji alikuwa Nurdin, yule anayesherehesha harusi zote za mtaa. Alikuja mpaka mkekani, akainama.

"Kina mama zangu, tunajuana. Mkono wangu ukipanda juu, sitaki kusikia ndege wala bodaboda. Nataka nyie tu. Dada Zubeda, kama harusini."

"Na maswali, braza? Maswali ni saa ngapi?"

"Maswali mwisho, dada. Usiwe na presha."

Mgeni alikuwa ofisa mipango, Bwana Praygod, kijana mpole mwenye shati jeupe, wa kumtamani awe mkweo. Hakuja kumdhulumu mtu. Alikuja na karatasi aliyopewa na wakubwa zake, na aliisoma vizuri. Alianza na asilimia, na watu wakapiga miayo. Kisha akaingia kwenye visima. Alitaja kisima, akanyamaza, mkono wa Nurdin ukapanda, na Zubeda akapiga kigelegele. Uwanja mzima ukalipuka kwa makofi.

Akataja kalavati. Mkono ukapanda, kigelegele, makofi. Akataja madawati. Vivyo hivyo.

Na jambo la ajabu ni kwamba Zubeda alianza kujisikia nafuu. Koo likifanya kazi iliyoizoea, woga hupata pa kutokea. Mikono ilipata joto. Alianza kuamini kwamba atauliza vizuri, kwamba mgeni huyu mpole atamsikiliza, na pengine hata Mfaume ataona hakuna ubaya. Alikuwa akimtazama Nurdin zaidi kuliko alivyomsikiliza mgeni, maana ndiyo kazi aliyoitiwa, na kazi Zubeda aliijua.

"Na katika kuboresha huduma za afya," Bwana Praygod aliendelea, "kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao zahanati yetu itapakwa rangi, itapata mabenchi mapya, na nguvu zote za wahudumu zitaelekezwa mchana, wakati ambapo wananchi walio wengi ndipo wanapozihitaji."

Akanyamaza. Mkono wa Nurdin ukapanda.

Zubeda alikitoa kile kirefu, kile cha kumtolea bibi harusi. Ulimi ulikwishaanza kucheza kabla kichwa hakijalifikia neno la mwisho. Kina mama wakamfuata, ngoma ikapigwa, na nyuma huko watu waliokaa kwenye kivuli cha madarasa, ambao hawakusikia hata neno moja, wakapiga makofi kwa sababu wenzao wanapiga.

Anjelina alimfinya ubavuni. "Zubeda! Ndiyo hiyo!"

"Ndiyo ipi?"

"Zamu ya usiku. Ameshaifuta. Hivi sasa."

"Ahsanteni sana ndugu wananchi kwa kuridhia," alisema Bwana Praygod akitabasamu, na katibu wa mkutano aliinama akaandika.

Kigelegele kilimfia Zubeda mdomoni. Alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya uwanja ule ni ngumu na haijawahi kumpasukia mtu.

*

Muda ulikuwa umekwenda, Nurdin alitangaza, kwa hiyo maswali yatakuwa matatu tu. La kwanza lilikuwa la mzee mmoja aliyesimama kushukuru kwa dakika nyingi. La pili lilikuwa la kijana aliyetaka kujua kalavati litajengwa lini. Zubeda alikuwa amenyoosha mkono tangu mwanzo, na Nurdin alimpita mara mbili, kisha akamwonea haya.

Kipaza sauti kilipomfikia, alikisogeza mdomoni mno mpaka kikapiga kelele. Alimwona mumewe kando ya gari. Alimwona Mtendaji akikunja uso.

"Shikamoo mheshimiwa," alisema.

Watu walicheka. Bwana Praygod alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, na yeye mwenyewe aliona aibu, hakuitikia.

"Mie naitwa Zubeda. Mwanangu ana selimundu. Sasa akishikwa usiku..."

"Samahani mama," mgeni alisema kwa upole ule ule, "si wewe uliyetufurahisha na vigelegele muda si mrefu?"

"Ndiyo mie, lakini..."

"Basi tumeelewana, mama yangu. Mkutano umeridhia, na wewe mwenyewe ukatuongoza. Masuala ya mtu mmoja mmoja karibu ofisini."

Kicheko kilipita uwanjani, si kicheko cha ubaya, kicheko tu cha watu waliochoshwa na jua. Anjelina alikuwa amekishika kitenge chake kwa nyuma kama alivyoahidi, na alikuwa akimtikisa: sema, sema. Zubeda alifungua mdomo. Kila alichokuwa amekipanga kilikuwa kimekwenda.

"Makofi matatu ya kilo kwa mama!" Nurdin alipaza sauti. "Moja, mbili, tatu!"

Wakampigia. Na Zubeda, kwa sababu alilelewa vizuri na mtu akipigiwa makofi hushukuru, alisema, "Ahsanteni."

Nurdin akachukua kipaza sauti chake.

*

Jumatatu alikwenda ofisini kama alivyokaribishwa. Alikwenda mlango wa nyuma, Mfaume asimwone. Bwana Mashaka hakumpa kiti.

"Mama Salma, muhtasari umeshakwenda manispaa. Unasema mkutano uliridhia kwa makofi na vigelegele. Vigelegele alipiga nani?"

"Nilipiga mie, Mtendaji. Nilimfuata Nurdin. Sikuwa nimesikia."

"Sasa mie niandike nini?"

"Andika kwamba nilikosea."

Bwana Mashaka alicheka mpaka akakohoa. "Tangu nizaliwe sijasikia kigelegele kilichofutwa. Nenda nyumbani, mama. Mumeo ni kijana mzuri, nisingependa aharibikiwe."

Mfaume hakuharibikiwa. Wiki hiyo hiyo mkataba wake uliongezwa, na akapangiwa kituo kipya: lango la zahanati, kuanzia jioni mpaka asubuhi, kwa kuwa sasa jengo litakuwa tupu usiku na lina rangi mpya na mabenchi mapya ya kuibiwa. Alilieleza hilo nyumbani huku akitazama ukuta. Bi Mwajabu alinyanyuka na bakuli lake, akaenda kula uani.

Mtaani walimtania Zubeda. Kwenye foleni ya maji mtu alisema, "Mkimwona Zubeda anafungua mdomo, ulizeni kwanza nini kinafungwa." Alicheka pamoja nao, ingawa kiliuma. Anjelina peke yake hakutania. Alikuwa akishika tumbo lake na kusema, "Mie wangu nimeshamwambia azaliwe mchana."

Tarehe mosi zahanati ilifungwa saa kumi na mbili jioni. Zubeda alisimama uani akaisikia minyororo ya lango. Kuanzia siku hiyo jua lilipoanza kuinama alikuwa akimwita Salma ndani, akimpapasa paji la uso, akimnywesha maji hata mtoto akisema ameshiba maji. Hakulala, alisinzia tu. Na kila kulipokucha alimshukuru Mungu kama mtu aliyevushwa mto.

*

Ilimshika Salma jioni, akicheza rede na wenzake. Alikuja nyumbani akitembea taratibu, mkono kifuani, na hakulia.

"Mama, nikivuta pumzi inachoma."

Zubeda alimtupa mgongoni akamfunga kwa kanga, akavuka korongo anakimbia, Bi Mwajabu nyuma yake akiita majina ya Mungu. Magharibi ilikuwa inaadhiniwa. Langoni Mfaume alikuwa amempa mgongo, akizungumza na mwanamume aliyemleta mama yake kwa toroli.

"Huduma ni kesho asubuhi," Mfaume alikuwa akisema, kwa sauti nzuri, kama alivyofundishwa. Alisikia vishindo, akageuka. "Huduma ni kesho..." Akaiona kanga. Akauona uso wa mtoto begani kwa mkewe.

Alifungua minyororo, akalisukuma lango. "Ingia! Ingia haraka!"

"Niingie kwa nani, Baba Salma?"

Mfaume alitazama nyuma. Jengo lilikuwa limepakwa rangi ya maziwa, zuri, madirisha yamefungwa. Ufunguo aliokuwa nao ulikuwa wa lango. Wa milango ya ndani hakupewa.

Alimpigia simu Sista Demetria, aliyekuwa njiani kurudi kwake Kinyerezi. Sauti yake ilitoka kubwa, wote wakaisikia.

"Kifua? Anapumua kwa shida? Jamani, msikae hapo! Pandeni chochote kinachotembea, mpelekeni wilayani sasa hivi. Msimlaze. Mwongelesheni asilale!"

Mfaume alitoka barabarani akasimama mbele ya bajaji iliyokuwa na abiria, mikono juu. Abiria walishuka wenyewe walipomwona mtoto. Zubeda aliingia naye, Bi Mwajabu akabaki kando ya njia, na Mfaume akaingia mwisho. Lango aliliacha wazi, na yule mtu wa toroli alimkokota mama yake mpaka ndani, akamkalisha kwenye benchi jipya la barazani, wakaanza kungoja.

Barabara ilikuwa kama ilivyokuwa siku zote. Bajaji ilipoingia shimo la kwanza Salma alipiga ukelele, na Zubeda akambana kifuani. "Nyamaza mama, tunafika." Shimo la pili, ukelele. "Nyamaza mama, tunafika." Mfaume alikuwa ameushika mkono wa mtoto kwa mikono yake yote miwili, na alikuwa akimwambia dereva twende braza, twende, ingawa mbele yao malori ya mchanga yalikuwa yamesimama kwa mstari na hakukuwa na pa kwenda.

Dereva alikata kushoto, akapita kwenye mtaro, bajaji ikalala upande ikainuka tena. Zubeda alingoja kilio. Hakikuja.

"Salma?"

Walipita shimo jingine, kubwa kuliko yote. Mtoto alikuwa mzito na kimya.

"Lia, mama," Zubeda alisema. Alimtikisa. "Nakuomba. Lia nikusikie."